Mkwe Wangu Darasani

Shule yenyewe iko Ibighi, nyuma ya maduka, jengo refu lililopakwa njano na kijani mpaka linaumiza macho. Wanaiita ingilishi midiamu. Nilikuwa nikipita pale kila nikienda sokoni, na kila nikipita nilisonya. Getini wameandika kwa herufi kubwa kwamba ukishaingia humo ndani Kiswahili mwisho. Kinyakyusa hata hawakukitaja, kana kwamba kilishakufa na matanga yamevunjwa. Na mlinzi wa geti hilohilo ni mtu wa Ikuti, hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, kwa hiyo watoto wakitaka kumwambia kitu wanamwashiria kwa mikono kama mabubu. Ndiyo elimu hiyo, tena tunaambiwa tuikimbilie.

Mjukuu wangu alisoma pale, darasa la pili. Sikumpeleka mimi, ieleweke hivyo. Alimpeleka mama yake, mke wa mwanangu. Mwanangu yuko Chunya kwenye machimbo, anatafuta dhahabu ambayo nadhani nayo inamkimbia, na nyumbani anarudi akikumbuka. Aliyebaki na mzigo ni mkwe wangu. Anaamka alfajiri kwenye umande, anakata ndizi, anakusanya maparachichi, anakwenda kuyapanga chini pale sokoni Tukuyu na kunyeshewa siku nzima. Alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatachuma chai ya watu wala hatanyeshewa sokoni, na njia aliyoiona ni hiyo ya Kiingereza. Ningeweza kuongea naye ningemwambia kwamba wapo waliosoma Kiingereza mpaka chuo kikuu na sasa wanaendesha bodaboda. Lakini kuongea naye ndiyo jambo ambalo sikuweza.

Hapa lazima nieleze, maana wasomi wa siku hizi wanajifanya hawajui. Kwetu Rungwe, baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani uso kwa uso. Tunaita kutila. Mwanamke akimwona baba wa mumewe anakuja njiani, anaingia migombani, anajifunika kanga na kugeuka mpaka mzee apite. Haingii chumba alimo mzee, hali naye, hasemi naye, jina lake halitaji hata akiugua. Si ugomvi wala si chuki. Ni heshima, na kwetu ni kubwa kuliko kupiga magoti. Wengi wa mjini wameacha, wanasema ni ushamba, na sasa wanakaa sebuleni na wakwe zao wakigombania rimoti ya televisheni. Sisi hatukuacha. Mkwe wangu katoka Matwebe, kalelewa na bibi mkali, na alipokuja kwangu hakuhitaji kufundishwa lolote.

Kwa hiyo nyumbani mimi ni mtu wa kukohoa. Kabla sijakata kona ya nyumba, nakohoa. Nikitoka chooni, nakohoa, ili ajue nakuja na apate nafasi ya kupisha. Jirani mmoja mhamiaji aliwahi kunishauri nikapime kifua. Sauti ya mkwe wangu niliijua ya mbali tu, akiimba mapambio huku anaosha vyombo au akimfokea mbuzi aliyekula mboga. Kuelekezwa kwangu haikuwahi, hata neno moja, tangu aolewe.

Aliyetuunganisha alikuwa huyu mtoto. Tangu ajue kusema ndiye aliyebeba maneno kati ya nyumba mbili. Mama anauliza babu atakula nini. Babu anauliza mbuzi kafungwa wapi. Na alikuwa na kipaji cha kulilainisha neno njiani. Nikimtuma akamwambie mama yake chumvi imezidi kwenye mboga, kule lilifika kwamba babu anaomba maji ya kunywa. Niliyagundua hayo siku moja nilipoletewa jagi zima, na kwa kweli nilicheka peke yangu.

Basi ikaja siku ya wazazi. Shule ikatangaza kwamba atakuja mgeni kutoka ng'ambo, mama mmoja wa Kizungu anayezunguka nchi za watu kutazama watoto wanavyofundishwa Kiingereza. Angekaa darasani asubuhi nzima. Na watoto wa darasa la pili wangesimama mbele yake na mbele ya wazazi, mmoja mmoja, waseme Kiingereza. Atakayesema vizuri atakwenda darasa la tatu. Atakayeshindwa atarudia. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: mtoto anapandishwa darasa kwa kumfurahisha mtalii.

Mke wangu alikuwa msibani Ikuti, na msiba wetu si wa kwenda na kurudi, mtu unahamia. Tulibaki mimi na mkwe wangu, na mmoja tu angeweza kwenda, maana wawili hatuwezi kukaa chumba kimoja. Nikamtuma mtoto akamwambie mama yake aende yeye. Mtoto akarudi akasema mama yuko sokoni siku hiyo, ana mzigo wa watu, anaomba babu ndiye aende. Nikalalamika kidogo, nikatoa koti langu sandukuni. Kumbe kule alikuwa amemwambia mama yake kwamba babu kakataa, miguu inamuuma, aende mama. Wenzake walikuwa wanajitapa kwamba wataleta watu wawili wawili. Na yeye akataka aje na watu wawili.

Siku ilipofika nilichelewa, mvua ilikuwa imenishika njiani. Niliingia mle darasani bila kukohoa. Ningekohoa kwa nini, shuleni? Wakanipa kiti cha mtoto karibu na mlango, magoti yakaja mpaka kidevuni. Nikafuta uso, nikatazama mbele, nikaona kanga ninayoijua. Ilikuwa upande wa dirishani, imevutwa mpaka puani, na aliyeivaa amegeukia ukuta. Alishaniona kabla mimi sijamwona. Niliinuka nitoke, lakini mlangoni palepale mwalimu alikuwa anaingia na mgeni wake, na nyuma yao mwenye shule, na huwezi kumkanyaga mgeni. Nikakaa tena, nikatazama dari. Mtoto kwenye dawati lake alikuwa anatugeukia, huku na huku, meno yote nje.

Mwalimu nilimjua. Ni kijana wa hapahapa, mama yake mpaka leo akimwona mkwewe anakuja na ng'ombe anaingia migombani kama wanawake wote wenye adabu. Yeye sasa kavaa suti ya kubana na anasema kwa pua. Akawauliza watoto kwa Kiingereza hali ya hewa ya leo ikoje. Ukutani kuna karatasi yenye picha za jua, wingu na mvua, na mshale wa kusogeza, na mshale huo ulikuwa umekwama kwenye jua. Watoto wote wakajibu kwa kelele kwamba leo kuna jua. Walilazimika kupiga kelele, maana mvua ilikuwa inagonga bati kiasi kwamba mtu husikii jirani yako. Mgeni akapiga makofi. Nikasema moyoni, haya bwana, leo tutaona mengi.

Mgeni yule alipiga makofi kwa kila kitu. Mtoto akisema jina lake, makofi. Mtoto akidondosha chaki na kuiokota, makofi. Alikuwa na kamera shingoni na alitabasamu bila kupumzika, nikawa namwonea huruma mashavu yake.

Ndipo likaja somo lenyewe, somo la familia. Ilitundikwa picha kubwa: baba, mama, watoto wawili, babu mwenye fimbo, na mbwa amekaa juu ya zulia ndani ya nyumba. Wote wameshikana mikono na wanatazamana na kucheka, hata mbwa anacheka. Kila mtoto alitakiwa kuwaita watu wake mbele, kuwapanga washikane mikono kama wale wa pichani, kisha awatambulishe kwa Kiingereza. Loo, niliona watu wazima wakidhalilika. Mzee mmoja mchuma chai, ninayemfahamu tangu ujana, alishikishwa mkono wa mke wake mbele za watu, naye akaushika kwa vidole viwili kama anashika panya. Watoto walisema yaleyale, mmoja baada ya mwingine, huyu baba yangu, huyu mama yangu, familia yangu ina furaha. Makofi.

Nilipoona zamu inasogea nikaanza kutoka jasho na baridi ile. Mkwe wangu alikuwa hajageuka hata mara moja. Nilijua anachofikiria, maana nami nilikuwa nafikiria hichohicho: mwaka mzima wa mvua pale sokoni, na sasa umefika hapa.

Mtoto akaitwa. Mwalimu akatazama ile kanga, akanitazama mimi, akaitazama tena kanga. Aliona. Aliona kila kitu, siwezi kudanganywa, nilimwona usoni. Neno moja tu lingetosha, angesema mama aje kwanza, babu baadaye, na jambo lingepita bila mgeni kujua. Badala yake alituita wote wawili, tena mimi aliniita kwa kidole.

Mtoto alisimama pale mbele kimya. Mwalimu akarudia kwa Kiingereza. Akarudia mara nyingine, kisha Kiingereza kikamwishia, akainama na kumwambia kwa Kiswahili kilekile kilichopigwa marufuku getini kwamba afanye haraka, mgeni anasubiri. Mtoto alikuwa amekunja uso kama anapiga hesabu. Halafu akaja nyuma, akanishika mkono wa koti, akaniongoza mbele na kunisimamisha nikiutazama mlango. Akaenda dirishani, akamleta mama yake na kanga yake, akamsimamisha akiutazama ubao. Nilisikia kanga inapita nyuma yangu. Kisha akaja akasimama katikati ya migongo yetu.

Akasema. Kiingereza changu mimi ni cha kiwandani, nimetengeneza mashine za kukaushia chai chini ya mabosi wa kila rangi, na lugha ukitukaniwa nayo miaka mingi lazima uijue. Alisema huyu ni babu yangu. Huyu ni mama yangu. Hawatazamani kwa sababu wanaheshimiana.

Hayo hayakuwa kwenye picha wala kwenye kitabu. Asubuhi nzima hakuna mtoto aliyetunga lake, yeye akatunga. Na mgeni kwa mara ya kwanza hakupiga makofi. Alishusha kamera na kumuuliza mwalimu mtoto ana maana gani.

Mwalimu akacheka. Akamwambia, kwa Kiingereza, akidhani mzee mwenye koti la namna yangu ataambulia patupu, kwamba asijali. Hawa wawili wamegombana huko nyumbani, ndiyo maana hawatazamani. Ni watu wa shamba, mtoto anaona aibu.

Damu ilinichemka. Mkataa kwao ni mtumwa, na huyu alikuwa mtumwa wa kujitolea, hata hakununuliwa. Mama yake mzazi anaingia migombani! Nikavuta pumzi nimpe yake, lakini mtoto akaniwahi.

"Hapana, ticha," alimwambia kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie. "Hawajagombana. Hata wewe unajua."

Mgeni akamgeukia mwalimu kwa macho ya kuuliza. Yule kijana alikosa pa kuweka mikono yake. Aliitia mfukoni, akaitoa, akamtazama mwenye shule aliyekuwa amesimama pembeni. Kisha akatugeukia sisi na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto huyu hana nidhamu. Darasa la tatu haendi. Atarudia.

Nitasema ukweli: moyo wangu uliruka kwa furaha. Nilimshika mtoto mkono palepale. Nilishaona kila kitu mbele yangu, kesho tunampeleka shule ya serikali kule chini, anasoma na wenzake anaowaelewa, anarudi nyumbani bila tai, na hii rangi ya njano sitaiona tena. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Baba."

Sikuelewa mara moja ni nani. Sauti ilitoka nyuma yangu, kutoka kwa mtu anayeutazama ubao.

"Baba, mwombee mtoto. Nimehangaika sana."

Nikasimama palepale. Watu wote mle ndani walisikia, na nusu yao walijua ni nini kimetokea. Mwanamke huyu angekanyaga upupu kuliko kunipita njiani. Alinipikia miaka yote na hakuwahi kuniuliza hata kama nimeshiba. Sasa amenisemesha, na amenisemesha kwa kuomba. Ningeweza kumjibu nini? Kwamba shule hii ni takataka? Ni takataka, lakini ni yeye aliyenyeshewa kwa ajili yake, si mimi. Ombi la kwanza la mkwe wako halikataliwi, hata kama nyumba inaungua.

Nikauacha mlango, nikamwendea yule mtoto wa juzi mwenye suti ya kubana. Nikavua kofia. Nikamwambia, mwalimu, naomba, huyu bado mdogo. Akajifanya hakusikia kwa sababu ya mvua. Nikarudia, na safari hii nikaongeza tafadhali. Alisikia vizuri sana.

"Mzee, mjukuu wako kanifanya mwongo mbele ya mgeni," alisema. "Mwambie mgeni nani mkweli. Mimi nitamtafsiria."

Nilimtazama mpaka akapepesa macho. Asingenitafsiria, angeongeza chumvi yake. Kwa hiyo nikamgeukia yule mgeni mwenyewe, nikamwambia kwa Kiingereza cha kiwandani kwamba mwalimu amesema kweli. Mimi na mama wa mtoto tumegombana. Mtoto hajui kitu. Yule kijana alishtuka mpaka akarudi nyuma, maana ndipo alipotambua kwamba nilikuwa nimesikia kila alichokisema tangu mwanzo. Lakini hilo halikunisaidia kitu. Mkono wa mtoto ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Akauchomoa.

Yule mgeni macho yalimjaa machozi. Simkatalii, alikuwa na roho nzuri, ile roho nzuri ya mtu anayekuja asubuhi na kuondoka mchana. Aliivua kamera shingoni, akaiweka juu ya dawati. Akaja akanishika mkono wa kulia. Kisha akaupeleka mkono wake mwingine chini ya kanga ya mkwe wangu, akautafuta mkono wake, akamgeuza taratibu na kutuleta karibu. Akaviweka viganja vyetu pamoja, akavifunika kwa vyake na kuvibana. Akatuambia tutazamane. Akasema familia ni kitu cha thamani.

Wazazi wenzangu wa Rungwe walikuwa wamekaa pale, wanajua wanachokiona. Walitazama viatu vyao. Yule mchuma chai aliziba mdomo kwa mkono. Halafu mgeni akaanza kupiga makofi, mwenye shule akamfuata, na kwa kuwa mwenye shule anapiga, wazazi nao wakapiga. Mwalimu alipiga kuliko wote. Akamwambia mtoto kwa Kiingereza, kwa tabasamu kubwa la kuonwa na mgeni, hongera, darasa la tatu.

Mkono wa mkwe wangu ulikuwa wa baridi, mgumu kwa kubeba mikungu. Nilimtazama, kwa kuwa nimeambiwa nimtazame. Alikuwa analia, na ana uso mdogo kuliko nilivyodhani. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kando yetu, amevuta sweta la shule mpaka machoni, amegeukia ukuta.